Maharagwe Yale ya Kwenye Picha

Shambani kwako,
Gatuanyaga, Thika.
Jumatano, 19 Novemba 2025.

Mpendwa Tata Warigia,

Pokea salamu, anti yangu, kutoka kwa Kiama, mpwa wako, yule peke yake aliyejaliwa sura katika ukoo huu. Mgongo wako unaendeleaje? Natumai umepunguza kuuma, na hao mabosi wako wa Doha wanakuacha ukae chini hata dakika kumi kwa siku. Unakula? Usiniambie chai na mkate, nitajua.

Sisi huku tu wazima. Cucu, mama yako, mguu wa kushoto ulivimba wiki jana, lakini umepungua. Anatembea, anagomba kuku, anagomba mimi, kwa hivyo ujue yuko sawa kabisa. Mama yangu bado yuko Kiandutu na kibanda chake cha mboga na ile sauti yake. Mimi nimechoka tu. Si ugonjwa, usianze kunitumia majina ya dawa. Ni ule uchovu wa mtu ambaye mikono inalala kabla yake mwenyewe.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Umejiuliza ni nani siku hizi anaandika barua kama si korti. Ni mimi. Lynn, yule msichana wa kwaya ya kanisa letu, anakuja huko kazini Jumapili, ndiye nimempa abebe. Usimuulize chochote maana hajui kilicho ndani. Ameapa hatafungua, lakini Lynn ni Lynn, kwa hivyo nimeifunga na gundi ya viatu.

Simu ninayo, na bando ninayo. Shida ni kwamba kwa simu mimi hukudanganya vizuri sana. Wewe mwenyewe ulisema sauti yangu ingefaa redioni. Lakini kalamu inanichosha, Tata, na nikichoka nakosa nguvu ya kupamba maneno. Makosa ya kuandika utayaona, niliacha shule kidato cha pili, utanisamehe, wewe mwenye Kiingereza cha kupikia Waarabu.

Najua Gerishon, yule mchimba mawe, anangoja jibu lako tarehe thelathini. Naomba kitu kimoja kabla sijaendelea. Usimpigie kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Unakumbuka Januari vile nilikuja hapa. Mjengo wa Ruiru ulikuwa umesimama, mimi nimekaa kwa Mama Kiandutu nikimaliza unga wake, ukasema niende nikakae na cucu nikutunzie shamba. Ukasema pia lile neno lingine, sijalisahau. Ati kama hii nusu eka haitatoa hata maharagwe ya kujaza sufuria, utamuuzia Gerishon achimbe mawe, na cucu aende akae na Anko Simeon huko Mwiki. Mimi nikasema hakuna shida, nipe msimu mmoja. Nilisema hivyo nikiwa bado sijaona shamba vizuri.

Tata, lile shamba lako lilikuwa gumu kama kiatu. Ukimwaga maji yalikuwa yanakimbia juu kama yanaogopa kuingia. Upepo ukipiga saa nane, udongo wako wote unahamia kwa jirani, na wa jirani hauji kwako. Tulichimba mashimo ya mahindi na cucu, jembe likawa linarudi juu lenyewe.

Lakini upande ule mwingine wa ua wa minyaa kulikuwa kwa Mama Ndila, yule mjane Mkamba uliyemkuta hapo wakati unanunua. Jua ni lile lile, mvua ni ile ile, na kwake kumekuwa kijani. Nikafikiri anaiba maji mahali. Nikachungulia siku mbili nione bomba. Siku ya tatu akanikamata nikichungulia.

“Wewe kijana wa Kiandutu, unatafuta kuku?”

“Natafuta maji, mama.”

“Maji yako hapa,” akasema, akachukua udongo wake kiganjani akaufinya. Ukashikana kama unga wa chapati. Ulikuwa mweusi, na una harufu ya mahali mvua imetoka kunyesha. Ilikuwa ni mboji. Anapika mwenyewe na takataka, miaka tisa sasa.

Basi akanifundisha, na mimi nikashika haraka, unajua kichwa yangu. Unaanza na matawi chini ndiyo hewa ipite. Juu yake mabua makavu ya mahindi, halafu takataka mbichi, halafu samadi ya mbuzi wake, jivu kidogo, udongo kidogo, maji. Unarudia hivyo mpaka lundo likufike kifua, unalifunika na nyasi kavu. Kila baada ya wiki mbili tatu unaligeuza lote, la chini lije juu, na hapo ndipo utajua mgongo si wako peke yako unaouma.

Katikati unachomeka kijiti kirefu kwa mshazari. Kila asubuhi cucu anakichomoa na kukiweka shavuni, vile mtu anapima mtoto mwenye homa. Kikiwa moto anasema, “Linapika.” Kikitoka kikavu ananitazama tu, na mimi najua ni kuchukua mitungi kwenda kisimani. Asubuhi ya kwanza kilipotoka moto nilipiga kelele mpaka Mama Ndila akaja mbio akidhani ni nyoka. Tangu siku hiyo ananiita Profesa. Mimi sikukataa.

Takataka nilitoa Kiandutu, kwa Mama na wale wenzake. Si unakumbuka walikuwa wakitupa majani ya kabeji na nyanya zilizooza kwa mtaro wa nyuma ya kibanda? Mtaro ukijaa wanachoma, na ule moshi wa kabeji mbichi ulikuwa unakaa kwa nguo mpaka kanisani. Sasa wananitengea kwa magunia, Jumatatu na Alhamisi. Nayabeba na bodaboda ya Wambua, kijana mmoja wa hapa, ambaye anasema pikipiki yake imeanza kunuka kachumbari iliyokufa na wasichana wameacha kupanda. Nilimwambia hata zamani hawakuwa wanapanda.

Na ule mtaro umefunguka. Mvua kubwa iliponyesha wiki mbili zilizopita, maji hayakuingia kwa nyumba ya Mama, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Siwezi kusema ni mimi. Lakini nimesema.

Sasa nakuja kwa mambo yenyewe. Vuta kiti.

Mwezi wa pili lundo langu lilikuwa dogo, na mimi nilitaka kubwa kuliko la Mama Ndila. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nikamkumbuka Jared, tulikuwa dawati moja naye, sasa anakata nyasi kwa zile estate za geti huko Ruiru. Nikaenda kumwona. Tata, ile nyasi ilikuwa imekatwa tayari, laini, imejazwa magunia kumi na nne, wanataka tu mtu wa kuiondoa. Jared akaniambia, “Hii ni safi, bro. Hapa gugu hata moja halioti.”

Na mimi nikafurahi! Mtu mwenye akili angeuliza mbona halioti. Mimi niliuliza tu kama pikapu ya kazini inaweza kunifikisha Thika.

Nikafika hapa nimekaa juu ya magunia kama mheshimiwa. Mama Ndila akaja, akachukua ile nyasi, akainusa, akainusa tena.

“Hii nyasi ya matajiri,” akaniuliza, “wanailisha nini?”

“Pesa, mama.”

Hakucheka. Akaniambia nikimaliza kupika lile lundo, nisikimbie shambani. Nichukue mikebe miwili, mmoja niweke mboji yangu, mwingine udongo wa kawaida, nipande maharagwe manne manne, nitazame wiki mbili. Nikamwambia mimi si mtoto wa nasari wa kupanda maharagwe kwa mkebe. Nilisema mbele ya Wambua, kwa sauti, nikapiga na kicheko.

“Haya, Profesa,” akasema, akaenda zake.

Tulipanda Aprili, mimi na cucu, maharagwe upande wa juu na mahindi upande wa chini, kila shimo na mboji yake. Siku ya saba maharagwe yakatoka, yote, hata moja halikubaki ndani. Niliwahesabia wapita njia. Siku ya kumi na mbili majani yakaanza kujikunja. Yalijifunga kama ngumi ya mtoto mchanga, na shina likajipinda kama linatafuta kitu chini. Nikafikiri ni kiu, nikamwaga maji. Nikafikiri ni njaa, nikaongeza mboji. Umesoma hapo? Niliongeza mboji. Nilichukua ile ile iliyokuwa inayaua nikayapa sahani ya pili.

Wakati huo mahindi, yaliyokula lundo lile lile, yamesimama wima kama askari wa gwaride. Hiyo ndiyo ilinichanganya kabisa. Nikasema labda ni mchawi, na labda anakaa upande wa pili wa ua. Mungu anisamehe, nilifikiri hivyo siku mbili nzima.

Ni Mama Ndila mwenyewe aliyeruka ua akaja kutazama. Aliinama muda mrefu, halafu akaniambia nimpigie Jared nimuulize kama ile nyasi hupigwa dawa. Jared akasema ndiyo, kwani hukujua, kuna watu huja kupiga dawa ya kuua magugu, inaua kila kitu cha jani pana na inaachilia nyasi. Maharagwe ni jani pana. Mahindi ni ukoo wa nyasi. Na hiyo dawa, Tata, haifi ikipikwa kwa lundo. Inakaa kwa nyasi, inaingia kwa mboji, inalala hapo miezi na miezi ikingoja mjinga.

Mjinga akaja na jembe.

Cucu aliyang'oa yote kwa siku mbili. Hakuniambia neno. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, maana unajua cucu na maneno. Mahindi yalituponya kidogo, lakini mvua ilikatika Mei na magunzi yakawa ya kuchekesha. Tulikula githeri bila maharagwe, yaani tulikula mahindi.

Mei hiyo hiyo, kabla hata ya kula hayo mahindi, ukatuma ule ujumbe wa sauti. Ati Gerishon amekupigia tena, anataka jibu, “Kiama hebu nionyeshe hayo maharagwe niamue.” Nilisikiliza mara nne. Cucu alikuwa ameketi mlangoni akisugua mguu. Nikamwona Mwiki, ghorofa ya nne kwa Anko Simeon, mahali hata maji ya kuosha mikono yanapandishwa kwa ngazi. Si alikaa huko wiki moja mwezi wa nane mwaka jana akienda kliniki? Alipanda vitunguu kwa mkebe wa rangi, akauweka dirishani, akawa anamuuliza kila anayeingia kama ameleta udongo.

Basi nikapita ua wa Mama Ndila, yeye akiwa ameenda kanisani, nikapiga picha maharagwe yake. Nilichuchumaa ndiyo ua usionekane. Halafu nikaingiza mkono wangu ndani ya picha, nikashika jani, ndiyo ujue ni yangu. Ule mkono ni wangu kweli, Tata. Maharagwe si yangu. Yako yalikuwa yamekauka nyuma ya choo.

Ukalia kwa simu kwa furaha. Ukamwambia Gerishon angoje. Nikajiambia ni uongo mdogo wa kupitisha miezi michache, nitaurekebisha na mavuno. Lakini uongo wako mwenyewe unautunza kama ng'ombe wa maziwa. Kila ukipiga simu lazima niulishe. Umeuliza yamepaliliwa, nimesema yamepaliliwa. Umeuliza yamevunwa, nimesema gunia na nusu. Umeuliza cucu anayapenda, nimesema anayapenda sana. Na juzi ukaniambia ile picha umeiweka mbele ya simu yako, unawaonyesha Wafilipino mnaofanya nao kazi, unawaambia hili ni shamba langu. Ukasema siku mgongo ukikataa kabisa unaitazama ndipo unaamka. Ukasema unataka kumwambia Gerishon hapana ya mwisho.

Hapo ndipo nilichoka, Tata. Kugeuza mboji kunauma mgongo. Hii inauma mahali sipajui.

Ningenyamaza, ningeshinda. Ungemkatalia Gerishon, cucu angebaki, mimi ningeendelea kuwa Profesa. Lakini ungekuwa unakataa mawe ya mtu kwa sababu ya maharagwe ya mtu mwingine. Na wewe ndiye unayeinama huko kusugua sakafu ya watu. Sikuona kama ni haki uiname kwa picha.

Sasa nikuambie yaliyoko hapa leo, bila chumvi. Chumvi imeisha.

Ile mboji mbaya sikuitupa. Mama Ndila alisema nisiichome na nisiitupe mtoni, niirudishe chini ya mahindi na kando ya migomba, niwe naigeuza na udongo, wadudu wadogo wa ardhini wataimaliza polepole. Lundo jipya nilianza Juni, na nikajiwekea sheria. Hakuna nyasi ya mtu nisiyemjua. Ni mabua yetu, takataka za Mama, samadi, majivu ya cucu, na yale maua ya njano machungu ya kando ya barabara, ambayo yanaoza haraka kuliko kitu chochote. Hata takataka za Mama napekua kwa mkono, natoa karatasi za nailoni na ile mipira ya kufungia sukuma. Wambua huniuliza kama natafuta pesa.

Septemba nilipanda mikebe miwili. Mbele ya Wambua, na mbele ya Mama Ndila. Maharagwe manne na manne. Niliyatazama wiki mbili kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Yalitoka yamenyooka, majani yamefunguka kama viganja, na yale ya mboji yakapita yale ya udongo kwa vidole viwili. Mama Ndila akasema, “Sasa umeingia nasari.” Nimekubali.

Shambani tulipanda mvua ya Oktoba ilipoanza. Leo yamepita kifundo cha mguu, hayajaweka maua. Hakuna hata jani moja limejikunja. Mvua imenyesha mara tatu tu mwezi huu wote. Lakini jana nilichomeka kidole upande wa mboji, nikakuta unyevu kabla kidole hakijaisha, na ni siku nane tangu inyeshe. Ule ukanda wa chini tulioacha bila mboji umepasuka, unaweza kuingiza shilingi ishirini. Zamani nilikuwa nachota mitungi sita kwa siku na bado mimea inalala saa saba. Sasa miwili inatosha, na mmoja wa hiyo cucu ananawia miguu. Mbolea ya dukani hatujanunua hata kijiko. Kuna minyoo, Tata. Hapa, kwa hiki kiatu chako. Kuku wamegundua kabla yangu.

Sikuambii haya ndiyo ukatae kuuza. Sijui kama yatazaa. Mvua ikikatika kabla ya Krismasi yatakauka na maua yake, na mimi nitakuandikia hivyo hivyo. Udongo haugeuki kwa mwaka mmoja. Mama Ndila ametumia miaka tisa. Mimi nina mwaka mmoja, na nusu yake niliipaka dawa ya magugu.

Gerishon alikuja hapa Ijumaa. Si mtu mbaya, alimletea cucu sukari na majani chai. Alitembea shamba lote akipiga chini na kisigino, akaniuliza udongo una kina gani kabla ya jiwe. Nikamwambia mahali pengine ni urefu wa mkono. Akasema afadhali, huo uchafu wa juu trekta itaondoa siku moja. Nilitaka kumjibu vibaya. Halafu nikaona kwa kazi yake hajakosea, ni uchafu kweli, ndio nimebeba kwa magunia kutoka Kiandutu mwaka mzima. Nikampa maji ya kunywa.

Basi sasa una ukweli na una siku chache. Ukiamua kuuza, sitakulaumu hata kimoyomoyo, na naomba kitu kimoja tu. Usimwambie cucu kwa simu. Niambie mimi, nitaketi naye mlangoni nimwambie mwenyewe, na nitambebea vitu mpaka hiyo ghorofa ya nne. Ukiamua kungoja, ngoja ukijua unangojea nini: mpwa aliyeacha shule, mimea ya kifundo cha mguu, na mawingu yasiyo na haraka. Na ile picha itoe kwa simu. Au waambie Wafilipino ni shamba la jirani, mzuri kweli, anaitwa Ndila.

Nilienda kumwomba msamaha huyo jirani pia, kwa kumwibia maharagwe bila kuyang'oa. Alicheka mpaka akaketi. Akauliza kama alau yalitokea vizuri. Nikamwonyesha. Akasema mkono ule unaharibu.

Mama yangu anakusalimu, anasema umtumie kile kitambaa ulichoahidi, na asiambiwe ati nguo imepotea uwanja wa ndege. Anko Simeon anakusalimu akiwa Mwiki, na Emmah wake amemaliza mtihani wa gredi ya tisa, kwa hivyo sasa kuna mtu mwingine wa kuringa. Wambua anakusalimu ingawa hamjuani, anasema akikuja kukuchukua uwanja wa ndege ataosha pikipiki. Mama Ndila anasema mgongo ukikuuma ulale chini sakafuni, si kwa godoro.

Mungu akulinde mahali uliko, akupe mwajiri mwenye huruma na usingizi wa kutosha, na akurudishe kwetu ukiwa na mgongo wako wote.

Ni mimi wako, ninayekupenda hata nikiwa nimechoka hivi,

Kiama.

Ngoja kidogo, sijafunga. Nimesimama hapo nikaona si vizuri cucu awe kwa barua na hajui ameandikwa. Nimemkuta nje akipukuchua mahindi, nikamsomea yote, kutoka salamu mpaka jina langu. Hakuacha kupukuchua. Nilipofika kwa picha nilisoma haraka, akasema rudia hapo.

Nilipomaliza akatupa gunzi kando. Halafu akaniuliza, “Umeandika vile mimi nilimwambia kwa simu?”

Nikamuuliza alikuambia nini.

Kumbe ulimpigia Juni ukamuuliza maharagwe yakoje, akakuambia ni matamu, yanaiva upesi, mchuzi wake ni mzito. Na mimi sikujua! Miezi mitano tumekaa nyumba moja, kila mtu anafuga uongo wake akidhani mwenzake hajui. Akaniambia, “Andika. Andika nami nilisema.” Nimeandika.

Halafu akasema niandike kwamba hataki kwenda Mwiki. Nikaandika. Akapukuchua gunzi lingine lote, akasema hapana, hilo lifute, mtoto wangu aamue bila mama yake kumning'inia shingoni.

Cucu hajui kusoma. Nimemwambia nimefuta.